Binti anacheza nyimbo za Kihindi na sasa ameanza mkorogo, nimzuie kucheza?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza uji na vitumbua. Binti yangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Toka mdogo anapenda kucheza zile nyimbo za kwenye picha za Kihindi, kwenye shughuli watu wanamtuza na sisi tunafurahi. Ila mwaka huu kabadilika. Akimaliza kuangalia anaenda kusimama kwenye kioo anajishika tumbo. Wali wa nazi hali, ati unanenepesha, anajifunga mkanda wa kubana tumbo mpaka shuleni. Juzi nimekuta kopo la mkorogo chini ya godoro, uso umeshaanza kuwa mwekundu vidole bado vyeusi. Nimemwambia uzuri si sura uzuri ni tabia, hanisikii. Baba yake anataka kuvunja simu, dada yangu anasema hizo picha za Kihindi ndio zimeleta uhuni nimpige marufuku kucheza kabisa. Nimekutumia klipu yake anacheza sebuleni uone mwenyewe. Nimzuie?"

Marahaba mdogo wangu. Pole, na hongera pia, maana ulikuta kopo ukauliza kwanza kabla ya kushika fimbo. Klipu nimeiangalia mara nne, nitaisemea mwishoni. Kwa kifupi, usimzuie kucheza, mkorogo anza kuushughulikia leo leo, na hilo la kukataa wali usilichukulie kama maringo ya kitoto. Sasa kwa urefu, weka chai pembeni.

Naanza na dada yako kwa sababu anayosema nayasikia kila siku hata huku Bagamoyo ninakofundisha ngoma. Eti picha za Kihindi zimeleta kiuno Tanga! Jamani. Mimi nimekulia Ngamiani, mama zetu walikuwa wanaenda sinema Majestic kuangalia Wahindi alafu wanarudi wanaimba, na taarabu yetu ya Tanga ilichota melodi za picha za Kihindi wazi wazi bila kuona haya, na wakati huo huo ngoma za kiuno zilikuwepo na zina wenyewe. Baikoko hiyo haikutoka Bombay. Kwa hiyo ukimwambia binti kwamba kukata kiuno ni uhuni wa Wahindi atakuona hujui unachosema, kwa sababu kwenye harusi ya jirani atamuona dada yako huyo huyo katikati ya uwanja.

Ila dada yako kuna kitu anakihisi ambacho ni cha kweli, hajakipatia jina tu. Somo yangu aliyenicheza unyagoni alikuwa bibi mmoja tumbo limeshuka, meno ya mbele mawili hana, mweusi tii, na akiingia uwanjani sisi wasichana wembamba tulikuwa tunajiona magogo. Mle ndani hakuna aliyeuliza tumbo lake limekaaje. Kilichokuwa kinatazamwa ni anajua au hajui. Na mle ndani hakuna mtazamaji wa bure, wewe uliyekaa ukutani unacheka sasa hivi zamu yako inakuja, utavutwa mkono utaingia na utachekwa na wewe. Mtazamaji anayejua atachezeshwa anatazama kwa adabu nyingine kabisa.

Kwenye picha ya Kihindi, na kwenye video za bongo fleva vile vile tusiwaonee Wahindi, mtazamaji hachezeshwi kamwe. Yeye amekaa kwenye kochi. Na kamera imewekwa pale alipokaa mwanaume mmoja wa kufikirika, sijui ni adui na chupa yake, sijui ni steringi, inamfanyia yeye kazi ya kutazama. Angalia inavyokata: kitovu, mdomo, paja, mgongo, nywele zinapeperuka, kitovu tena. Mwanaume kwenye wimbo huo huo yuko mzima, ana kichwa na miguu, ana jambo anafanya. Kuna mwanamama wa Uingereza anaitwa Laura Mulvey aliandika hili tangu 1975, kwamba kwenye sinema mwanaume anatazama na mwanamke anatazamwa, na baadae akaongeza kwamba sisi wanawake tukikaa kuangalia inabidi tuazime macho ya mwanaume ili tuione hiyo picha. Sasa binti yako ameazima macho hayo miaka kumi mfululizo, na kila akimaliza wimbo anaenda nayo kwenye kioo. Pale kioo akijishika tumbo hajioni kama mchezaji, anajikatakata vipande kama alivyoona inafanywa.

Kwa hiyo fanya hivi usiku mmoja, wewe na yeye tu. Mwambie achague wimbo anaoupenda kuliko yote, zimeni sauti, alafu kila picha ya mwanamke ambayo haina uso muihesabu kwa vidole, na kila picha ya mwanaume isiyo na uso muihesabu pia. Usimhubirie kitu. Mimi nimefanya hivi na wanafunzi wangu mara nyingi, wanaanza wanacheka, kufika katikati kuna mmoja anasema "mwalimu, mbona huyu dada hana kichwa?" na hapo mimi nakunywa maji yangu nanyamaza.

Kitu cha pili anachotakiwa kujua ni kwamba huyo mwanamke anayemuiga hayupo. Simaanishi ni mbaya akinawa uso, namaanisha ameunganishwa kutoka kwa watu wengi. Sauti ni ya mtu mwingine, Wahindi wanaimba pleibeki toka enzi, Lata Mangeshkar na mdogo wake Asha Bhosle wamewaimbia waigizaji wa vizazi na vizazi huku wao wamesimama studio na sari zao. Wimbo wa dakika tano unaweza kushutiwa siku tano au zaidi, kila staili inarudiwa mpaka ile moja isiyo na kosa, alafu wanaunganisha zile nzuri tu, hakuna binadamu aliyewahi kucheza wimbo ule kuanzia mwanzo mpaka mwisho hivyo unavyouona. Zile nywele ni feni. Ile polepole inayofanya kiuno kionekane kama maji, wanaupiga muziki kwa kasi kubwa yeye anacheza haraka haraka, alafu picha inapunguzwa spidi. Nguo imeshonewa mwilini asubuhi ile, kuna vibanio nyuma huvioni. Na kompyuta inapita baadae kwenye ngozi, siku hizi hata kwenye kiuno.

Hata enzi za kabla ya kompyuta ilikuwa hivyo hivyo. Muulize bibi yake kama anamkumbuka Helen. Huyu alizaliwa Burma 1938, wakakimbia vita kwa miguu mpaka India akiwa mtoto, akaingia kucheza nyuma kwenye kundi ili nyumbani wale, mpaka akawa malkia wa nyimbo za kabareti, zile za klabu za usiku. Watu walitoka sinema wanaapa wamemuona tumbo wazi mapaja wazi, kumbe amevaa vazi jembamba la rangi ya ngozi limefunika mwili. Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanashangaa kitambaa.

Na sasa hii ndio ninayoipenda. Muulize binti: hiyo staili unayoiiga kabuni nani? Atakutajia mwigizaji. Sio yeye. Nyimbo za Madhuri Dixit zilizotikisa dunia mwishoni mwa miaka ya 80 zilitungwa na Saroj Khan, mwanamama mfupi mnene aliyeanza kazi ya sinema akiwa mtoto, akakua nyuma kwenye kundi la madansa, akaja kuwa yeye ndiye anayewaambia mastaa mkono weka hapa jicho pandisha hivi. Alifariki 2020. Na baadhi ya hizi za karibuni za kukatika sana kazitunga Ganesh Acharya, mwanaume, na kwa miaka mingi alikuwa bonge la mtu haswa kabla hajapungua, mtafuteni YouTube kwenye video zake za zamani anavyowaonyesha madada wembamba kiuno kinavyokwenda, utacheka mpaka ulie. Yani binti yako anajinyima wali ili aweze kucheza staili iliyotoka kwenye mwili wa bonge. Hilo mwonyeshe, litafanya kazi kuliko methali.

Eeh, na methali. "Uzuri si sura" mimi nimeivaa kwenye kanga na naipenda, lakini usimwambie mtoto wa miaka 15, kwa sababu anachosikia ni kwamba mama amekubali sura sina. Mtoto wa umri huo anataka kusikia ni mzuri. Mwambie ni mzuri, taja na kitu chenyewe, macho, shingo, ule mwendo. Haimuharibu.

Kuhusu wembamba, usidhani ni kitu cha kudumu toka enzi na enzi. Picha za zamani za Kihindi zilikuwa na wanawake wa aina mbili, yule wa sari anayeolewa na yule wa kabareti anayetazamwa tu, na wote wawili walikuwa na nyama zao mwilini. Baadae yule wa kuolewa naye akapewa zile dansi, na kuanzia miaka ya 90 mwishoni ikazoeleka staa anaingia kwenye picha kwa wimbo mmoja tu, hana jina kwenye stori, anacheza anaondoka, kama ile ya kwetu waja leo waondoka leo. Wembamba ule wa kutisha ulipamba moto 2008 hivi, Kareena Kapoor alipojikondesha kwa ajili ya picha moja na magazeti ya India yakaandika hilo mwaka mzima. Ni juzi tu! Na huku kwetu mabinti hao hao wakigeuza chaneli wanakuta video inataka makalio makubwa, na mtaani kuna vidonge vinauzwa vya kuyaongeza. Kiuno cha Mumbai na makalio ya Sinza kwenye mwili mmoja wa mtoto wa kidato cha pili. Nani ataviweza vyote viwili, hata ukitumia kisu haviji.

Kama baba yake anaona haya ni maneno ya wanawake, mwambie habari ya visiwa vya Fiji. Kule kama pwani yetu, mwanamke mwenye mwili alikuwa anasifiwa, ukikonda wanauliza nani hakulishi. Televisheni ikaingia mkoa wa Nadroga 1995, na mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa sekondari mwaka huo na wengine tena 1998, miaka mitatu tu. Mwaka 1995 hakukuwa na hata mmoja aliyesema anajitapisha ili akonde. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11 na ushee, na asilimia 74 walisema walau mara moja moja wanajiona wanene kupita kiasi. Televisheni haikuwashika mikono, niwe mkweli, utafiti ule ulihusu wasichana wachache na kule mambo mengi yalikuwa yanabadilika kwa pamoja, ila huwezi kuniambia ile skrini haikuwa na mkono.

Sasa mkorogo. Hapa nakuwa mkali kidogo. Tuelewane kwanza kwamba hamu ya weupe haijaanzia kwa binti yako, kule India krimu ya Fair & Lovely ilianza kuuzwa 1975 na tangazo lake kwa miaka mingi lilikuwa dada mweusi hapati kazi wala mchumba, anajipaka, anapata vyote, mpaka 2020 ndio wakabadilisha jina ikawa Glow & Lovely baada ya kelele. Kwenye zile nyimbo staa anapakwa poda iliyopita rangi yake na taa zinamwagwa juu, na nyuma yake siku hizi wanapanga madansa wa Kizungu. Hata filamu zenyewe za zamani, maabara zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, rangi zikikaa sawa kwake basi zimekaa sawa, sisi weusi tunatoka meno na macho. Na mimi mwenyewe nilipokuwa msichana niliwahi kutolewa mstari wa mbele kwenye kazi moja ya video, nikapelekwa nyuma kabisa, na aliyenitoa akasema taa haiwezi kunishika. Nilijipaka miezi miwili baada ya hapo. Kwa hiyo ninaposema na binti yako sisemi kutoka mbinguni.

Kilichomo kwenye kopo ndicho kinachonitisha. Mkorogo wa kuchanganywa mtaani unaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni, au krimu za steroidi, na wakati mwingine vyote kwa pamoja bila kuandikwa popote. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, vinapita kwa magendo. Zebaki inaingia kwa ngozi inaenda kuumiza figo. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu inaweza kugeuka ikaacha mabaka ya bluu-nyeusi ambayo hayatoki. Steroidi inachuna ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitumbua vyako, mishipa inaonekana, chunusi, michirizi. Ile uso Fanta vidole Coca tunayocheka mtaani ni kwa sababu ngozi ya kwenye viungo vya vidole ni nene haitii dawa haraka, kwa hiyo ukiona tofauti hiyo ujue ameshatumia wiki kadhaa.

Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga na kopo lenyewe ulibebe, usilitupe, daktari analihitaji. Na kama amepaka zaidi ya mwezi usimwambie tu aache ghafla akiwa peke yake, kama lina steroidi uso unaweza kuwaka moto, kuvimba na kuwasha, na hapo ndipo wengi wanakimbilia kopo tena wakidhani ngozi inawadai. Daktari atamwambia ashuke vipi na atampa cha kutuliza. Ukiona miguu au uso umevimba, au mkojo una povu, usisubiri wiki ijayo. Kesi ikiwa ngumu wanaweza kuwapa rufaa mpaka hospitali ya KCMC Moshi, wana kituo kikubwa cha ngozi. Alafu swali la kukuudhi, nisamehe mdogo wangu: hapo nyumbani nani mwingine anapaka? Maana kopo la kwanza la mtoto mara nyingi linatoka kwenye meza ya mtu mzima.

Chakula nacho. Kuacha wali peke yake si ugonjwa, wasichana wengi wanapita hapo wanarudi. Lakini angalia haya: anaenda chooni kila akitoka kula, hedhi imekatika miezi miwili mitatu, anahisi baridi wakati Tanga yote inatoka jasho, kizunguzungu, nywele zinatoka kwenye kitana, au anasema hataki kuishi hivi alivyo. Moja tu kati ya hayo linatosha kumpeleka hospitali na kuomba aonwe na mtu wa afya ya akili, na usione aibu, ni daktari kama wa meno. Mkanda ule mvue, unabana pumzi na kiungulia unaleta, kiuno haukipunguzi. Mezani msizungumze unene, wa kwake wala wa jirani. Na usimlazimishe sahani imejaa, kaa naye mle sinia moja kama zamani, mkono ukigongana na mkono mwingine mtu anakula bila kuhesabu.

Baba yake na simu. Namuelewa, hata mimi simu ya mwanangu nimewahi kuifungia kabatini. Ila akiivunja, ataangalia ya rafiki yake na hatakuonyesha tena chochote, na wewe leo unajua haya yote kwa sababu bado anachezea sebuleni. Kumzuia kucheza ndio kabisa, utamuachia kioo peke yake bila muziki. Kumuachia tu nako sikushauri. Simu inajifunza anachokitolea macho inamletea kingine kama hicho, basi kaeni pamoja muilishe vitu vingine, atafute watu wanaofundisha Kathak, dansi ya jadi ya Kihindi, Madhuri mwenyewe alianza nayo akiwa mdogo, atafute Bharatanatyam, nayo ya jadi, aone jicho na kidole vinavyofanya kazi, kwa wiki mbili tatu itaanza kuleta hivyo. Si dawa ya uhakika, siwezi kukudanganya. Usiku simu ilale chumbani kwenu. Hilo baba alisimamie, litampa la kufanya.

Na akija likizo mlete Bagamoyo, tunapiga ngoma hapa, atacheza na wamama wa miaka 60.

Sasa klipu. Miguu yake iko sawa sawa na tabla, hapotezi hata pigo moja, hicho hakifundishiki na amezaliwa nacho. Mkono wa kushoto unachelewa kidogo kwenye kugeuka, anaanza na bega wakati ingetakiwa kiwiko kitangulie, mwambie ajaribu polepole bila muziki. Na mara tatu nimemuona anaacha kuhesabu, macho yanashuka kwenye tumbo lake, na mara zote tatu ndipo mkono ulipochelewa. Mwonyeshe hizo sehemu, sekunde ya 14, ya 31, na pale karibu na mwisho kabla mdogo wake hajapita mbele na ndoo.